Kiongozi na Maneno Yake: Safari ya Siku Moja kwenye Mahekalu ya Sri Lanka

Kisiwa cha Sri Lanka, ambacho hata mwaka 1972 kiliitwa Ceylon, na ambacho mabaharia Waarabu wa zamani walikiita Sarandib, si kigeni kabisa kwa watu wa pwani yetu. Bahari ni moja, na pepo za kaskazi na kusi huvuma huku na huko. Hata mjini Dar es Salaam lipo hekalu la Wabuddha, lililoanzishwa na Wasinhala waliohamia huko. Basi msomaji wetu akijaliwa kufika kisiwani, huenda akapenda kukodi gari pamoja na kiongozi kwa siku moja, ili aone mahekalu yenye sifa. Katika makala haya twataka kueleza safari moja ya namna hiyo, ile itokayo Kandy kwenda Dambulla, mwendo wa kilometa 72 hivi upande wa kaskazini. Lakini zaidi ya njia twataka kueleza maneno, kwa maana kiongozi hukodiwa kwa ajili ya ulimi wake. Njia hata dereva aliye bubu aijua.

Yafaa kwanza kutambua tofauti ya watu wawili. Yuko dereva, ambaye kazi yake ni kukufikisha langoni na kukungoja kivulini. Yuko na dereva aliye kiongozi pia, aliyefundishwa na kupewa leseni na mamlaka ya utalii ya nchi ile, naye ana kitambulisho cha kazi yake. Huyu wa pili huingia nawe ndani na kukueleza uyaonayo. Atakaye kukodi na aulize mapema anapewa yupi kati ya hawa wawili, na kama ada ya kuingia mahekaluni imo katika bei au haimo. Mapatano ya asubuhi huzuia maneno ya jioni.

Safari huanza Kandy kwenyewe, penye hekalu liitwalo Sri Dalada Maligawa. Humo huwekwa jino ambalo Wabuddha wa nchi ile waamini kuwa ni la Buddha mwenyewe. Yasimuliwa kwamba lililetwa kutoka Bara Hindi katika karne ya nne, nalo lilifichwa katika nywele za binti mfalme aliyeitwa Hemamali. Tangu hapo jino likawa alama ya ufalme: aliyelishika ndiye aliyehesabiwa kuwa na haki ya kutawala, na kila mji mkuu ulipohamishwa, jino nalo lilihamishwa. Kandy ulikuwa mji wa mwisho wa wafalme wale, mpaka Waingereza walipoutwaa ufalme mwaka 1815.

Mgeni asitazamie kuliona jino. Limo katika makasha saba, moja ndani ya jingine, na lile la nje limeumbwa kama kuba. Kila siku hufanywa ibada tatu: alfajiri yapata saa 11.30, asubuhi yapata saa 3.30, na jioni yapata saa 12.30. Saa ile ngoma hulia na zumari hupigwa, mlango wa chumba hufunguliwa, na watu hupita polepole wakiwa na maua ya yungiyungi mikononi, wakilitazama kasha kwa mbali. Langoni kuna ukaguzi mkali, wala si bure, kwani mwezi wa Januari mwaka 1998 wapiganaji wa Tamil Tigers walilipua bomu mbele ya hekalu hili, wakaua watu na kubomoa sehemu yake, ambayo baadaye ilijengwa upya.

Hapa neno la kwanza lataka kuelezwa. *Maligawa* kwa Kisinhala ni kasri, nyumba ya mfalme. Maana yake basi ni Kasri ya Jino. Msomaji ataona ajabu akijua kwamba neno letu *hekalu* limepita njia iyo hiyo. Sisi tulilipata kwa Waarabu, waliosema *haykal*. Lakini kabla yao watu wa Babeli walisema *ekallu*, nao walilitwaa kwa Wasumeri, ambao *e-gal* kwao ilikuwa nyumba kubwa, yaani kasri. Kwa hiyo atafsiriye Maligawa kwa neno hekalu hakukosea. Amerudisha neno nyumbani kwao.

Lakini mahali pengine neno hili moja halitoshi. Wasinhala wana *vihara*, ambayo asili yake ni makao ya watawa. Wana *pansala*, neno la kila siku, ambalo asili yake ni nyumba ya majani, kwa kuwa watawa wa kale waliishi katika vibanda. Wana na *dagaba*, jengo kubwa jeupe lililovimba kama chungu kilichofudikizwa, ambalo halina chumba cha kuingia. Jina hilo latoka katika maneno mawili ya kale, masalia ya mwili na tumbo la uzazi. Maana yake, tumbo lililobeba masalia matakatifu. Mtu akiambiwa tu kwamba hili ni hekalu, atauzunguka ukuta akitafuta mlango asiupate. Akiambiwa maana ya jina, ataelewa kwa nini watu hulizunguka, wakiliweka upande wa kuume, wala hawatafuti kuingia.

Kutoka Kandy gari hushika njia ya Matale, na baada ya kilometa 30 hivi hufika Aluvihare. Wengi hupapita, kwa kuwa hapana jengo kubwa la kustaajabia: ni miamba iliyopasuka, na mapango katikati yake. Lakini sisi tupendao habari za lugha tungemwomba msomaji akae hapa kuliko mahali pengine pote.

Mafundisho ya Buddha hayakuandikwa hapo kwanza. Yalikaririwa. Watawa waligawana kazi, kundi hili likashika sehemu hii moyoni na kundi lile sehemu ile, na mwalimu akampa mwanafunzi kwa mdomo, vizazi kwa vizazi. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, zamani za mfalme Valagamba, kisiwa kilipatwa na vita pamoja na njaa kubwa. Watawa wengi wakafa, na kila aliyekufa alizikwa na maneno aliyoyashika. Yasimuliwa kwamba kitabu kimoja kilibaki katika kumbukumbu ya mtu mmoja tu, tena mtawa ambaye mwenendo wake haukusifika. Hata hivyo wakubwa zake hawakuona haya kwenda kujifunza kwake, kisipate kupotea. Ndipo watawa walipokusanyika Aluvihare, wakayaandika mafundisho yote kwa lugha ya Kipali, yale yaitwayo Vikapu Vitatu.

Waliandika juu ya majani ya talipoti, mti wa jamii ya mivumo wenye majani mapana kama mwavuli. Kazi hii yaonyeshwa hata leo. Jani huchemshwa, hukaushwa, husuguliwa mpaka likawa laini, kisha hukatwa vipande virefu vyembamba. Mwandishi hashiki wino. Hushika kalamu ya chuma yenye ncha kali na kuchora herufi ndani ya jani. Akiisha, hupaka masizi yaliyochanganywa na mafuta, na anapofuta, weusi hubaki katika mikwaruzo tu, maandishi yakatokea. Wako wasemao kwamba herufi za Kisinhala ni za mviringo kwa sababu hiyo, kwa kuwa mstari ulionyoka ungepasua jani. Maktaba ya kale ya Aluvihare iliharibiwa mwaka 1848, Waingereza walipozima uasi wa Matale, na watawa wakaanza tena kunakili. Sisi ambao wazee wetu hufa na hadithi zao hatuna haja ya kuelezwa sana faida ya kazi hii.

Tokea hapo njia yaendelea mpaka Dambulla. Mwamba wainuka mita 160 hivi juu ya uwanda, na mgeni hupanda ngazi kwa miguu, akijihadhari na nyani walio wezi wa vyakula. Mfalme yule yule Valagamba, alipofukuzwa katika mji wake wa Anuradhapura, alijificha katika mapango haya. Na aliporudishiwa ufalme baada ya miaka 14, yasemwa kwamba aliyafanya kuwa mahali pa ibada, kwa shukrani. Mapango ni matano. Juu ya vinywa vyake mwamba umechongwa mfereji ili maji ya mvua yasiingie ndani. Sanamu zapita 150, na michoro ya dari na kuta yaenea kiasi cha mita za mraba 2,100. Mingi katika hiyo ni ya karne ya 18. Katika pango la pili, lililo kubwa kuliko yote, maji hudondoka kutoka darini na kukingwa katika chombo, nayo hutumiwa katika ibada.

Katika pango la kwanza Buddha amelazwa, urefu wa mita 14 hivi, amechongwa katika mwamba ule ule, na nyayo zake zimepakwa rangi nyekundu. Mgeni husema, "Amelala." Kiongozi ajuaye kazi yake humwonyesha vidole vya miguu. Kwa desturi ya wachongaji, vidole vikilingana, Buddha apumzika. Mguu mmoja ukirudi nyuma kidogo, amefariki. Mikono nayo husema: kiganja kilichoinuliwa ni kuondoa hofu, mikono iliyopakatwa ni kutafakari, na vidole vigusavyo nchi ni kuiita nchi iwe shahidi.

Sasa twafika kwenye neno lililo gumu kuliko yote. Mtu wetu akiwaona watu wamepiga magoti mbele ya sanamu, upesi husema kwamba wanaiabudu. *Sanamu* tulilipata kwa Waarabu, na kwao *sanam* ni kinyago cha ibada ya uongo. *Kuabudu* nako, kwa asili, ni kutumika kama mtumwa. Kwa maneno haya mawili hukumu imekwisha kutolewa kabla shahidi hajaitwa. Wasinhala husema *vandinava*. Na neno hilo hilo hulitumia mtoto ainamapo miguuni pa baba na mama yake, au pa mwalimu wake, kama wafanyavyo hasa katika mwaka mpya wao wa mwezi wa Aprili, wakiwapa wakubwa wao majani ya tambuu. Je, sisi hatunalo neno la jinsi hiyo? Tunalo, nalo hutoka kinywani mwetu kila siku: *shikamoo*, yaani nashika miguu yako. Hakuna asemaye kwamba mtoto aliyempa babu yake shikamoo amemwabudu.

Buddha, wao wenyewe hufundisha, alikuwa mtu, na jina lake maana yake ni Aliyeamka. Sanamu yake ni ukumbusho wa mwalimu. Lakini tusiseme pia kwamba hakuna aombaye kitu. Katika mapango ya Dambulla zimo sanamu za miungu kama Vishnu na Saman, na karibu na Maligawa ziko nyumba za Natha, Vishnu na Pattini. Kwa hao watu hupeleka haja zao, ugonjwa, mtoto au safari. Mwalimu hupewa heshima, mungu hupelekewa ombi. Kiongozi asiyetenga mambo haya mawili amemrudisha mgeni kwake na habari za uongo, hata kama kila jiwe amelionyesha.

Na kosa la kutojua si la maneno tu. Mwaka 2012 wageni watatu kutoka Ufaransa walihukumiwa kifungo kilichoahirishwa, kwa sababu ya picha walizopigwa wakifanya kama wanaibusu sanamu ya Buddha. Mwaka 2014 mgeni kutoka Uingereza alikamatwa na kurudishwa kwao kwa kuwa na chale ya Buddha mkononi. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya nchi ile iliona kwamba alionewa, ikaamuru alipwe fidia. Basi kiongozi mwema huonya kabla ya lango. Viatu na kofia huvuliwa. Mabega na magoti hufunikwa. Soksi zaruhusiwa, na adhuhuri juu ya mwamba wa Dambulla mtu hushukuru akiwa nazo. Wala mtu hapigwi picha akiwa ameipa sanamu mgongo.

Akitaka kusema na mtawa, kiongozi na amsaidie, kwani Kisinhala kina maneno yaliyotengwa kwa watawa. Watu wa kawaida hula kwa neno moja, mtawa hula kwa neno jingine, *valandanava*. Na kwenda na kuja kwake huitwa *vadinava*. Nasi twajua adabu hiyo: mtu hufa, lakini mfalme hutawafu.

Kwa hiyo twamshauri msomaji atakayefanya safari hii asimlipe kiongozi kwa wingi wa mahekalu. Matatu kwa siku moja yatosha sana. Kila mahali amwulize mambo matatu: mahali hapa ninyi wenyewe mwapaitaje, jina hilo maana yake nini, na watu hawa wanaosali hapa husema kwamba wanafanya nini? Kiongozi ajibuye maswali haya kwa uvumilivu amestahili ujira wake wote, na zawadi juu yake.