Mafuta ya Kunukia: Ya Asili, Lakini Yana Nguvu

Ni nani kati yetu asiyependa kunukia? Hata hivyo, kliniki huulizwa mara kwa mara: "Nesi, haya mafuta ni ya asili, je, na mtoto nimpake?" Kabla ya kujibu, tuyafahamu kwanza.

Watengenezaji wa manukato huigawa harufu katika tabaka tatu. Harufu ya juu ni ya ndimu au chungwa. Hupanda puani upesi na kutoweka baada ya dakika chache. Ya kati ni ya maua, kama waridi na asumini. Ya chini ni ile inayobaki kwenye kanga hadi kesho yake: sandali, udi, ubani. Ndiyo maana mama anayenusa kizibo tu dukani hufika nyumbani na harufu nyingine kabisa! Jipake kidogo kwenye kifundo cha mkono, endelea na shughuli zako, unuse tena baada ya nusu saa.

Langilangi, ambalo dada zetu wa Pwani hulitia katika kikuba, hulimwa sana Komoro. Maua huchumwa asubuhi mapema na kuchemshwa kwa mvuke, na mafuta yanayotoka mwanzo ndiyo ghali zaidi. Yamo hata katika Chanel No. 5, manukato yaliyotolewa Ufaransa mwaka 1921. Uvumba na manemane za Mamajusi, zenyewe ni utomvu: gome la mti hukatwa, utomvu ukatoka kama machozi, ukakauka. Miti hiyo ingali inamea Somalia na Oman.

Sasa jibu la swali. Tone la mafuta huwa limekolea, kwa hiyo lina nguvu kuliko ua lenyewe. Mafuta ya karafuu hutia ganzi jino linalouma, lakini mtoto mdogo akinywa vijiko viwili vya chai tu anaweza kupoteza fahamu na ini lake kuharibika. Yaweke juu, mbali na mikono yake. Akishayanywa, usimtapishe, mkimbize hospitali, na chupa uichukue.

Mafuta yaliyokamuliwa katika maganda ya ndimu nayo, ukijipaka kisha ukatoka juani, huunguza ngozi na kuacha madoa meusi.

Na kufukiza? Moshi ni moshi, hata unukie namna gani, na mapafu ya kichanga ni laini mno. Fukiza chumba na nguo mtoto akiwa kwa bibi yake, fungua madirisha, moshi uishe ndipo arudi.

Kwa mama anayenyonyesha, kifua kisipakwe chochote. Mtoto mchanga humtambua mama yake kwa harufu ya mwili na maziwa. Marashi yako tia kwenye upindo wa gauni.