AFYA YAKO: SAKAFU YA BAFU ISIKUANGUSHE

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, nenda bafuni kwako. Tazama chini. Je, sakafu ina rangi ya saruji kama ulivyoijenga? Au imekuwa ya kijani, nyeusi au nyekundu?

Hapa Suma, kama sehemu nyingi za Wilaya ya Rungwe, mvua ni nyingi. Hunyesha tangu Novemba hadi Mei. Juni na Julai kuna baridi na mawingu. Mvua hii hutupatia ndizi, chai na viazi. Lakini pia hufanya bafu lisikauke. Bafu lisilokauka huota uchafu.

Watu wengi hudhani kuwa rangi hiyo ni aibu tu mbele ya wageni. Si aibu tu. Ni hatari.

RANGI HIZO NI NINI?

Rangi ya kijani ni vimea vidogo sana. Huota mahali penye maji na mwanga. Rangi nyeusi mara nyingi ni kuvu. Utando mweupe au wa kijivu ni mabaki ya sabuni na mafuta ya mwili. Vyote hivi huteleza kama bamia. Rangi nyekundu huletwa na udongo, au na kutu ya ndoo na mabati.

NANI HUUMIA?

Bibi huenda kuoga jioni. Amebeba ndoo ya maji. Macho yake hayaoni vizuri. Anakanyaga mahali pa kijani, anateleza, anaanguka kwa ubavu. Mifupa ya wazee ni dhaifu. Mfupa wa nyonga ukivunjika, bibi huyo anaweza asitembee tena. Mama mjamzito akianguka, yeye na mtoto wako hatarini.

SAFISHA HIVI

1. Fagia takataka. Mwaga maji na suuza sakafu yote.

2. Nyunyiza majivu yaliyopoa au sabuni ya unga. Sugua kwa nguvu kwa brashi, au kwa gunzi la mahindi. Majivu huondoa mafuta. Yasiingie machoni.

3. Suuza. Sukuma maji yote nje kwa ufagio.

4. Weusi ukibaki, tumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 10 vya maji baridi. Mwaga sakafuni, acha mlango wazi, ngoja dakika 10. Kisha sugua na suuza sana. Watoto wasikaribie.

5. Kwa kutu, paka maji ya limau au ndimu. Ngoja dakika chache, sugua, suuza. Usifanye hivi kila siku, kwani ukali wa limau hula saruji.

ANGALIA SANA! Usichanganye kamwe dawa ya klorini na limau, siki au dawa nyingine ya kusafishia choo. Hutoka hewa yenye sumu inayoumiza mapafu. Tumia klorini siku moja, na limau siku nyingine. Kama watu hukojoa bafuni, suuza mkojo kwanza kabla ya kumwaga klorini.

ONDOA CHANZO

Ukisugua leo na maji yakabaki, wiki zijazo ukijani utarudi. Chanzo ni maji yaliyotuama. Kwa hiyo sakafu iwe na mteremko wa sentimeta 2 kwa kila mita 1. Maji yaende kwenye mtaro, kisha kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na chemchemi. Acha nafasi ya upepo na jua kuingia.

Unapojenga, usipige niru sakafu ya bafu. Niru hupendeza sebuleni, lakini bafuni huteleza. Kwaruza saruji kwa ufagio ingali mbichi.

Kama huna saruji, tandaza kokoto, kisha panga mawe bapa juu yake. Yasuguliwe vilevile. Funga mti imara ukutani, wazee wapate pa kushika.

MTU AKIANGUKA

Asipoweza kusimama, usimvute mguu wala usimkande. Mlaze kwenye ubao au machela. Mfunike apate joto. Mpelekeni haraka kituo cha afya au hospitali.

Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilihimiza watu vijijini kuchimba na kutumia vyoo. Kazi ile ilifanywa kwa majembe na mikono yetu. Kazi hii ni ndogo zaidi. Inataka majivu, gunzi na nusu saa kila Jumamosi.

Ndugu msomaji, ulipotazama sakafu yako, uliona nini? Kama uliona ukijani, usingoje kesho. Bibi ataoga leo jioni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini sakafu ya bafu huota ukijani?
2. Ni vitu gani visichanganywe na klorini?
3. Maji ya bafu lako huenda wapi?