Kabla ya Kuinua Gari: Tairi Kubwa na Springi Ndefu



Kikundi kimoja cha hapa Isiolo kilinunua Land Cruiser kuukuu ya kubeba wagonjwa na akina mama wajawazito kutoka vijijini. Kabla gari halijaanza kazi, fundi mmoja akawaambia ati lazima liinuliwe: wafunge tairi kubwa na springi ndefu, halafu litapita popote. Pesa zilizobaki zilikuwa chache. Wakatuuliza, je, tufanye hivyo? Tumeonelea tujibu hapa, ili na wengine wafaidike.

Njia mbili, kazi mbili

Hebu chuchumaa uangalie chini ya gari. Sehemu iliyo karibu zaidi na ardhi ni difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli. Difu imeshikana na ekseli, na ekseli inabebwa na magurudumu. Kwa hivyo kwa gari la kawaida, kinachoinua difu ni tairi peke yake. Springi ndefu huinua bodi, lakini difu inabaki pale pale. Wengi hawalijui jambo hili. Wanalipa pesa za springi, kisha difu inagonga jiwe lile lile la mwaka jana.

Na tairi inainua kiasi gani? Land Cruiser nyingi za kazi hutumia tairi ya 7.50R16. Kimo chake, kutoka chini hadi juu, ni kama sentimita 80. Tairi kubwa ambayo wengi huitamani ni 285/75R16. Hapo 285 ni upana kwa milimita, 75 ni kimo cha ubavu kwa kila 100 ya upana huo, na 16 ni inchi za rimu. Ukipiga hesabu, kimo chake ni kama sentimita 83. Umeongeza sentimita 3, lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hivyo difu inapanda nusu tu: sentimita 1 na nusu. Ni upana wa kidole.

Hatusemi springi hazina faida. Sentimita 5 za bodi huipa tairi kubwa nafasi isikwaruze madigadi, na pua ya gari haigongi ukingo unaposhuka kwenye laga. Lakini faida hiyo ina gharama zake.

Gharama ambazo fundi hakutaja

1. Rimu nyembamba ya 7.50 haifai kwa tairi pana ya 285. Utanunua rimu pia, tano pamoja na ya speya. Usifunge speya ndogo upande mmoja ukaendelea na safari ndefu ukiwa umeweka gia za magurudumu manne, maana utaharibu gia hizo.

2. Tairi kubwa ni nzito. Gari linavuta kwa shida mlimani, linakula mafuta zaidi, na breki zinafanya kazi ngumu zaidi. Pia mita ya mwendo inadanganya: ikionyesha 100, kweli unaenda kama 104.

3. Bodi ikipanda, mipira ya breki inavutika, pembe ya propela inabadilika na krosi zake zinaisha haraka, na usukani unaweza kuanza kuyumba. Shokabsoba za zamani huwa fupi. Ukibadilisha springi bila kuangalia haya, umeacha kazi nusu.

4. Saizi ya 7.50-16 inajulikana sana huku kwetu. Ukipasukiwa mbali na mji na tairi ya saizi isiyo ya kawaida, ni nani atakuuzia nyingine?

Jambo zito kuliko yote ni kupinduka. Chukua nusu ya upana kati ya magurudumu, ugawanye kwa kimo cha uzito wa gari kutoka ardhini. Tuseme nusu ya upana ni sentimita 72, na uzito uko kwenye sentimita 70. Jibu ni kama 1.03. Ukiinua uzito huo kwa sentimita 6, jibu linashuka hadi 0.95. Kadiri jibu linavyoshuka, ndivyo gari linavyopinduka kwa urahisi kwenye kona. Sasa ongeza magunia na vijana juu ya keria. Na tusisahau kwamba lami sasa inatoka Isiolo hadi Moyale, karibu kilomita 500, na madereva wanakimbia. Gari lililoinuliwa kwa ajili ya mawe linaweza kuua watu kwenye lami.

Tena, ni nani atapanda gari hilo? Mama mwenye uchungu wa kuzaa na mzee wa kubebwa kwa machela. Kila sentimita unayoongeza, wao ndio wanaoipanda. Na fundi akikuongezea vyuma vya springi ya lori, gari litakuwa gumu, na mgonjwa ataumia kwa kila shimo.

Mjifunze kwa ngamia

Ukiiacha lami ukashika njia ya Merti au Sericho, shida kubwa mara nyingi ni mchanga wa laga. Mwangalie ngamia. Mguu wake ni laini na hutanuka anapokanyaga, kwa hivyo hazami. Tairi nayo hufanya hivyo ukipunguza upepo. Kama ilikuwa na paundi 36, shusha hadi 20, nenda polepole na usikate kona kwa ghafla. Ukitoka mchangani jaza upepo tena, maana tairi laini kwenye lami hupata moto na kupasuka. Geji na pampu ni bei rahisi sana ukilinganisha na tairi tano na rimu zake.

Na kuhusu mafuriko, msidanganyike. Maji ya sentimita 60 yanayokwenda kasi yanaweza kusukuma magari mengi, hata ya magurudumu manne. Tairi kubwa ina hewa nyingi, nayo husaidia gari kuelea. Aprili 2024, basi zima lilizidiwa na mafuriko karibu na Garissa, na abiria wakalazimika kuokolewa. Basi ni refu kuliko Land Cruiser yoyote. Laga ikijaa, ngojeni ishuke.

Jibu letu

Kwa kikundi kile tulisema hivi. Kwanza, nunueni tairi tano mpya za saizi ile ile ya kiwanda. Pili, badilisheni shokabsoba na bushi zilizokwisha, na springi zilizolala mziweke mpya za kimo cha kawaida. Gari litapanda lenyewe, kwa sababu lilikuwa limeshuka. Tatu, nunueni pampu, geji, koleo, na mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu. Nne, mkatazeni dereva kubeba mizigo na watu juu.

Mkiona baadaye bado lazima kuinua, isizidi sentimita 5, iwe kwa springi zilizotengenezewa gari hilo, wala si kwa vyuma vya kuchomelea. Na kabla ya kumlipa fundi, waulizeni NTSA na kampuni yenu ya bima. Ajali ikitokea, bima ikakataa kulipa kwa sababu gari lilibadilishwa bila wao kujua, mzigo wote utarudi kwa kikundi.

Gari la wagonjwa lina kazi moja: kumfikisha mgonjwa hospitalini akiwa hai. Kila shilingi ipimwe kwa kazi hiyo.