Kinachoungua Kwanza Kwenye Globu ya LED

Globu ya LED ikizimika moja kwa moja tunasema imeungua, kana kwamba mwanga wenyewe umekwisha. Ibandue kofia yake nyeupe, utakuta kibati cha alumini chenye vidoa vya manjano. Hizo ndizo dayodi zinazotoa mwanga. Pengine kimojawapo kina alama nyeusi katikati, nacho kimekufa. Lakini wakati mwingine vyote ni vizima, na ugonjwa uko chini, kwenye shingo ya globu: kapasita ndogo mfano wa pipa, kichwa kimevimba. Dayodi iliyokingwa dhidi ya joto huweza kuwaka saa 25,000 na zaidi. Kapasita ya aina hii ina majimaji ndani, na kwa hesabu ya mafundi umri wake hupungua kwa nusu kila joto likipanda nyuzi 10.

Kapasita hiyo ni sehemu ya kigeuzi, saketi inayogeuza umeme wa AC kuwa wa DC, unaokwenda upande mmoja tu, na kigeuzi kipo kwa sababu umeme wa gridi ni wa AC: mkondo unakwenda na kurudi, mizunguko 50 kwa sekunde kwa Tanzania na Kenya. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, tena nyeupe moja huhitaji takriban volti 3, ilhali ukutani kuna 230 au zaidi. Teknolojia ya LED za AC huupokea umeme jinsi ulivyo, bila kigeuzi hicho. Dayodi nyingi hupangwa mstari mmoja zigawane volti hizo, na mstari wa pili huelekezwa kinyume, mmoja uwake mkondo ukienda na wa pili ukirudi. Kampuni ya Seoul Semiconductor ya Korea Kusini iliziingiza sokoni kwa jina la Acriche katikati ya miaka ya 2000. Baadaye ikaongezwa chipu ndogo inayowasha dayodi kundi baada ya kundi kadiri volti zinavyopanda. Kwa kuwa hakuna kapasita ya kuharibiwa na joto, faida kubwa ya teknolojia hii iko pale taa ilipo juu na joto ni kali: kupanda kubadilisha taa ya barabarani ni ghali.

Wapinzani wana hoja. Kazi ya kapasita ni kujaza pengo mkondo unapogeuka. Ukiiondoa, mwanga hufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho huenda lisitambue, lakini kichwa kinaweza kuuma, na katika karakana mashine inayozunguka yaweza kuonekana imesimama. Fosfa (ile rangi ya manjano inayofunika dayodi) inayochelewa kuzimika hupunguza kasoro hiyo bila kuimaliza. Tena, umeme ukiwa mdogo taa nyingi za namna hii hufifia, na ukizidi, ziada hugeuka joto. Na nyumba inayowasha taa zake moja kwa moja kwa betri ya sola haina haja nazo, kwa kuwa betri hutoa umeme wa DC.

Hoja hizo zinaipunguzia teknolojia hii maeneo, haziiui. Ngazi, ukumbi wa kupitia, uzio na barabara havidai mwanga uliotulia kama darasa au meza ya cherehani. Mnunuzi naye ana kipimo mfukoni: aelekeze kamera ya simu kwenye taa inayowaka. Mistari myeusi ikipita kwenye kioo, taa hiyo inapepesa. Aifunge ukumbini, si juu ya daftari la mtoto.