Mita ya Saa Haipuri Mpunga

Kila msimu wa mavuno ukikaribia, swali ni lile lile: "Nimepata kombaini ya mtumba, imefanya saa 2,500 tu. Ninunue?" Swali hilo halina jibu, na anayekujibu haraka huenda ana chake kwenye biashara hiyo. Mita ya saa huhesabu muda ambao injini imezunguka. Haijui kama mashine ilikuwa shambani ikipura, barabarani ikisafiri, au uani ikinguruma ili betri ipate chaji. Waya wake ukichomolewa, tarakimu husimama palepale miaka mitatu huku kazi ikiendelea, na kuhamisha dashibodi kutoka mashine iliyokufa si kazi ngumu kwa fundi. Hata mita ikisema kweli, saa 2,500 za ngano kule Narok si saa 2,500 za mpunga wa Mbarali au Mwea. Majani ya mpunga na maganda yake yamejaa silika, ambayo ndiyo asili ya mchanga, kwa hiyo kila fungu linalopita ndani ni msasa juu ya chuma. Ongeza matope yanayopenya kwenye beringi.

Ushahidi basi uko kwenye chuma kinachogusa zao. Kwa kombaini za zamani kama Claas Dominator, zima injini, chomoa ufunguo utie mfukoni, fungua mfuniko wa dramu ya kupura, ingiza tochi, kisha pitisha ukucha juu ya mapau yenye mikwaruzo. Pau zima hukwama ukuchani, lililochoka linateleza. Nenda kwenye oga zinazosukuma nafaka, ushike ukingo wa chuma kilichojizungusha: kikiwa chembamba kiasi cha kukukata kidole, kimekwisha. Gongagonga bati la chini ya oga hizo kwa bisibisi. Likibonyea, rangi mpya inayong'aa juu yake ilipakwa kwa ajili yako.

Hapo ndipo muuzaji hutoa dawa yake maarufu: punje zikibaki kwenye masuke, kaza wavu ulio chini ya dramu, ongeza mwendo. Marekebisho hayo ni halali kwa mapau mazima, kwa sababu mikwaruzo yake husugua suke hadi likaachia punje. Mapau yaliyolainika hayasugui tena. Ukikaza, yanaponda. Mpunga unaingia guniani ukiwa umepasuka ndani ya ganda, hasara huioni shambani, unaionea kinuni mchele unapotoka chenga, na bei ya chenga unaijua. Wanaoisifu dawa hii huhesabu magunia tu.

Watasema injini ndiyo roho ya mashine. Ikaguliwe, sikatai, lakini fundi wa dizeli hakosekani mjini, na injini mbovu hujitangaza kwa moshi na kwa kugoma kuwaka. Oga iliyoliwa haingurumi, na spea ya modeli ya zamani inaweza kusubiriwa wiki kadhaa huku mpunga uliokomaa ukipukutika. Wengine husema saa ni chache kwa kuwa mashine iliegeshwa. Ni kweli hutokea, ila mpira hauzeeki kwa saa za injini: mikanda na treki hupasuka zikiwa zimetulia, beringi hushika kutu, panya hula nyaya.

Kwa hiyo: fika kabla haijapashwa moto, maana oili nzito inaweza kuficha moshi, lakini si ugumu wa kuwaka injini ikiwa baridi. Washa mwenyewe. Unganisha dramu, sikiliza beringi, zima, gusa kila nyumba ya beringi kutafuta yenye joto kupita wenzake. Tazama nyufa kwenye vitikisa mabua na machekeche. Ipeleke shambani hata nusu ekari, kagua ardhi nyuma yake na punje ndani ya tangi. Mapau hubadilishwa kwa jozi zinazokabiliana, la sivyo dramu itatetemeka. Ulizia bei ya seti nzima kabla ya kutaja yako, uikate humo. Spea hazipatikani? Kodi mashine msimu huu.