Uozo wa kahawia: kuvu wanaokula nguvu ya mti kabla hujaona dalili

Nguzo ya zizi inaweza kuonekana nzima kabisa, lakini ukiiegemea inakatika usawa wa ardhi. Ukitazama ndani hukuti mchwa wala njia zao za udongo. Unakuta mti wa rangi ya kahawia uliopasukapasuka vipande vya mraba, na ukikisugua kipande kwa vidole kinageuka unga. Wengi husema mti umezeeka. Ukweli ni kwamba umeliwa, na aliyeula ni kuvu.

Katika makala hii tunaeleza kuvu hao hufanya kazi vipi, na namna ya kuwagundua kabla hawajaleta madhara nyumbani kwako.

Mti umejengwa kwa nini?

Fikiria nyumba ya miti na udongo. Kuna fito zinazoshikilia ukuta, kamba zinazofunga fito, na udongo unaojaza nafasi. Mti nao uko hivyo. Fito zake ni selulosi, yaani nyuzi ndefu za sukari zilizoungana. Selulosi huchukua karibu asilimia 40 hadi 50 ya uzito wa mti mkavu. Kamba ni hemiselulosi, ambayo nayo ni sukari, ila minyororo yake ni mifupi. Udongo ni lignini, kitu kigumu kinachoupa mti uimara na kuzuia walaji wasiifikie ile sukari.

Kuvu wanaoozesha mti ni jamaa wa uyoga. Huenezwa na upepo kwa vijimbegu vidogo sana, na kijimbegu kikitua kwenye mti wenye unyevu huota nyuzi nyembamba zinazopenya ndani. Kuna makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza huvunja hata lignini, na mti hubaki mweupe, laini na wenye nyuzinyuzi. Uyoga wa mamama, ambao wakulima wengi huuotesha kwenye mabua na majani makavu, umo katika kundi hilo. Kundi la pili ndilo la uozo wa kahawia. Hili huchukua fito na kamba, likaacha udongo. Kinachobaki ni lignini iliyobadilika kidogo, na ndiyo inayoleta ile rangi ya kahawia.

Ujanja wa kuvu wa kahawia

Kuvu huyu ana kikwazo kimoja. Vimeng'enya vyake vya kukata selulosi ni vikubwa kuliko vitundu vya kuta za seli za mti, kwa hiyo haviwezi kuingia. Basi hutanguliza kemikali ndogondogo. Hutoa asidi iitwayo oksaliki, ambayo huyakamata madini ya chuma yaliyomo kwa kiasi kidogo kwenye mti na kwenye udongo. Hutengeneza pia haidrojeni peroksaidi, dawa ileile inayotumika kusafishia vidonda. Peroksaidi ikikutana na chuma, huzaliwa chembe kali mno zinazodumu kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Chembe hizo hukatakata nyuzi za selulosi. Mkemia Mwingereza Henry Fenton ndiye aliyeeleza nguvu ya mchanganyiko wa chuma na peroksaidi, mwaka 1894. Ukuta ukishalegea, vimeng'enya huingia kumalizia kazi na kuvu hula sukari.

Hapo ndipo hatari ilipo. Nyuzi ndefu hukatika mwanzoni kabisa, wakati mti bado una karibu uzito wake wote. Mti uliopoteza sehemu moja tu ya kumi ya uzito wake unaweza kuwa umepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Kwa macho bado ni mzima.

Wanapenda wapi?

Kuvu hawa hupenda zaidi miti laini kama misindano, yaani paini, na saiprasi, ingawa hupatikana pia kwenye miti mingine. Wanahitaji maji na hewa kwa pamoja. Mti wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauozi. Mti uliozama kabisa majini nao hauliwi na kuvu hawa, kwa kuwa hewa haitoshi. Ndiyo maana nguzo huoza usawa wa ardhi: juu ni pakavu, chini sana hakuna hewa, na katikati vyote vipo.

Msituni kuvu hawa wana faida kubwa. Hupunguza magogo yaliyoanguka, na ule unga wa kahawia hukaa kwenye udongo kwa miaka mingi ukishika maji yanayosaidia miche. Shida huanza wanapohamia kwenye nyumba.

Kagua choo chako kwanza

Mahali pa kuogopwa zaidi ni sakafu ya choo cha shimo iliyotandikwa magogo na kufunikwa udongo. Magogo hayo hupata mvuke kutoka chini na maji kutoka juu, na udongo huficha kila kitu. Sakafu inaweza kuporomoka ghafla na aliyesimama juu yake akatumbukia. Ukisikia inabonyea au ukaona ufa, usiingie na usiruhusu watoto waingie. Slabu ya zege yenye nondo, iliyokaa juu ya kingo imara, ni salama zaidi.

Kwa nguzo, paa na madaraja ya miti, fanya hivi:

Chomeka ncha ya kisu kwenye mti, kisha inua. Mti mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Mti ulioliwa hukatika vipande vifupi bila kelele.

Ziba paa linalovuja, na usiache ubao ugusane na udongo. Simamisha nguzo juu ya jiwe au zege.

Ukiondoa sehemu iliyooza, kata pia sehemu ya jirani inayoonekana nzima, maana nyuzi za kuvu huwa zimeshatangulia.

Ukitumia nguzo zilizotiwa dawa, usizike upande ulioukata, kwa sababu huko ndani dawa huwa haikufika. Mabaki yake usiyapikie, kwani baadhi ya dawa hizo zina arseniki, ambayo ni sumu.

Fanya ukaguzi huu mara mvua zinapokwisha, wakati mti bado una unyevu. Kisu na dakika chache vinatosha.