Mtoto akililia kisu cha babu, umpe?

JE, msomaji, una nini mfukoni mwako saa hii? Bila shaka utataja simu, funguo, kitambulisho na noti mbili tatu. Lakini wapo watu ambao wakiulizwa swali hilo watatoa pia kisu kidogo cha kukunja, na watakusimulia habari zake mpaka chai ipoe.

Mimi ni mmoja wao. Kisu changu kimenizidi umri zaidi ya mara mbili. Babu yangu alirudi nacho Ukambani mwaka wa 1946, baada ya kupigana kule Burma akiwa askari wa King's African Rifles. Kina bapa moja pana, kifungua mikebe, na msumari mnene wa kufungulia mafundo ya kamba. Mpini wake ni mweusi, umechorwa miraba midogo midogo ili usiteleze mkononi. Ukikitazama kwa makini utaona alama ya mshale ambayo serikali ya Uingereza iliitia kwenye mali yake, pamoja na mwaka kilipoundwa, 1943.

Babu alikitumia kukatia kamba za mbuzi na kulainishia mipini ya majembe. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu, alichongea penseli za wanafunzi na kumenyea maembe. Kimenolewa miaka mingi hata bapa limekonda, likabaki kama nusu ya upana wake wa awali.

Majuzi mwanangu wa miaka kumi na mmoja aliniuliza, "Baba, hicho kisu kitakuwa changu lini?"

Wahenga walinena kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Walimaanisha kwamba asiyesikia maonyo acha afunzwe na ulimwengu. Lakini je, mzazi wa leo afuate ushauri huo neno kwa neno? Swali hilo lilininyima usingizi, kwani kisu chenyewe ni urithi, na vidole vyenyewe ni vya mwanangu.

Vyatoka wapi?

Kabla ya kujibu, hebu tutazame ni visu vya aina gani hasa ambavyo watu huvikusanya na kutembea navyo kila siku.

Kisu cha jadi cha mfukoni aghalabu hakina kufuli. Bapa hushikiliwa na springi iliyo mgongoni mwa mpini, nawe hulifungua kwa kuingiza ukucha katika mfuo mdogo uliochongwa ubavuni mwake. Hakifyatuki kwa kubonyezwa kama vile visu vya wahuni tunavyoviona katika filamu. Ni lazima utumie mikono miwili, na kwa hivyo ni lazima ufikiri kwanza.

Huko Ufaransa, katika milima ya Savoie, Joseph Opinel alianza kuunda kisu chake mwaka wa 1890. Mpini ni wa mti, bapa ni moja tu, basi. Kisu hicho cha wakulima hakijabadilika sana tangu hapo, isipokuwa mwaka wa 1955 kilipoongezewa pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisijifunge ghafla na kuumiza vidole.

Uswisi nayo ilimpata Karl Elsener, aliyefungua karakana yake katika kijiji cha Ibach mwaka wa 1884. Miaka saba baadaye alianza kuwauzia wanajeshi wa nchi hiyo visu, na mwaka wa 1897 akaandikisha rasmi kile cha maofisa chenye vifaa vingi. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka wa 1909, mwana alilichukua jina lake liwe alama ya biashara. Ndiyo asili ya jina Victorinox.

Afrika pia haikusahauliwa. Kisu kiitwacho Okapi kilianza kutengenezwa mwaka wa 1902 katika mji wa Solingen, Ujerumani, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani humu. Kilipewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo. Siku hizi kinaundwa Afrika Kusini.

Wanaokusanya husaka nini?

Usidhani, msomaji, kwamba mkusanyaji hutafuta kinachong'aa tu. Kwanza hutazama maandishi yaliyopigwa kwenye chuma, pale bapa linapoungana na mpini, kwani humo mna jina la kiwanda na mara nyingine umri wa kisu.

Kwa mfano, kampuni ya Case ya Pennsylvania, Marekani, ilianza mwaka wa 1970 kutia nukta kumi chini ya jina lake. Kila mwaka nukta moja iliondolewa. Hivyo anayejua kuhesabu nukta ataweza kukwambia kisu kilizaliwa mwaka gani, kama vile mfugaji anavyotazama meno ya ng'ombe.

Pili, hutazama kama bapa limenolewa kwa uangalifu au limeliwa na mashine. Tatu, husikiliza. Naam, husikiliza! Kisu chenye springi nzuri hulia "ta!" kinapofunguka na "ta!" kinapofungwa. Kikifunguka kimya na kulegea, springi imechoka.

Jambo moja la kutahadhari ni mipini ya pembe za ndovu, ambayo ilipendwa sana zamani. Ukiuziwa kisu cha aina hiyo, kimbia. Kenya iliteketeza tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi mwezi wa Julai 1989 ili kuuonyesha ulimwengu kwamba biashara hiyo haifai, na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 ina adhabu kali mno. Mpini wa mti, wa pembe ya ng'ombe au wa mfupa unatosha.

Chombo au silaha?

Hapa ndipo penye utata. Jirani akikuona unamenya chungwa kwa kisu chako atakuomba umenyee na yeye. Akikuona umekishika usiku njiani atapiga mayowe. Kisu ni kile kile, ila mahali na wakati vimebadilika.

Sheria yetu ya adhabu inamtia hatiani mtu anayetembea hadharani na silaha, bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka wa 1988, huruhusu mtu kubeba kisu cha kukunja kisicho na kufuli ambacho makali yake hayazidi inchi tatu. Lakini hata huko, ukikibeba kwa nia ya kumdhuru mtu, umevunja sheria.

Na uwanja wa ndege je? Tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, ulinzi umekazwa kila mahali. Nami nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa nikisafiri kwenda Kisumu, nikasahau kisu cha babu ndani ya mkoba wa mkononi. Mashine ikalia. Mlinzi akanionyesha pipa lililojaa mikasi, nyembe na visu, akaniambia ama nikitie humo ama nirudi nilikotoka.

Nilisimama pale jasho likinitoka. Kisu kilichonusurika vita vya Burma sasa kilikuwa karibu kufia kwenye pipa la takataka! Bahati nzuri ndugu yangu aliyenileta alikuwa bado hajaondoka. Nilikimbia, nikamkabidhi, nikarudi kwenye foleni nikihema. Kosa halikuwa la mlinzi. Lilikuwa langu.

Basi shika haya, msomaji. Ukisafiri kwa ndege, kisu kiwe katika mzigo unaokabidhiwa, si ule unaoingia nao. Ukienda mahakamani, benki, shuleni, kwenye mkutano wa siasa au duka kubwa lenye ukaguzi, kiache nyumbani. Na mahali penye ulevi, kisu hakina kazi.

Kukitunza

Visu vingi vya zamani ni vya chuma kinachoshika kutu. Baada ya kukata embe au limau, kipanguse mara moja, kwani uchachu hula chuma. Usishtuke bapa likigeuka rangi ya kijivu. Rangi hiyo si kutu, na huukinga mwili wa kisu. Kutu ya kweli ni nyekundu. Tia tone la mafuta mepesi kwenye kiungo, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi kwa muda mrefu, maana ngozi huvuta unyevu.

Ukinoa, tumia jiwe na mkono wako, polepole, ukilaza bapa karibu na jiwe. Mashine ya umeme hula kwa dakika moja chuma ambacho jiwe lingekula kwa miaka. Wengi wamejikata kwa visu butu, kwa sababu kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu huteleza.

Basi nilimjibu nini?

Nilimwambia mwanangu kisu hicho kitakuwa chake, lakini si leo. Kwanza tulianza na kijiti kilichochongwa mfano wa kisu, akajifunza kukata akielekeza makali mbali na mwili. Kisha nikampa kisu halisi, cha bei rahisi, kila Jumamosi asubuhi, mimi nikiwa ubavuni. Masharti ni manne: haendi nacho shuleni, hamwelekezei mtu hata kwa mzaha, humpa mwenzake kikiwa kimefungwa, na kikianguka hajaribu kukidaka.

Jumamosi ya tatu alijikata kidole, si sana. Sikumgombeza. Alikifunga kisu kwanza, akakiweka mezani, ndipo akaja kwangu akinionyesha damu. Hapo nilijua amesikia. Mama yake ndiye aliyenigombeza mimi, na haki yake.

Kwa maoni yangu, wahenga hawakukosea kuhusu wembe, ila tumeielewa methali yao nusu. Mtoto mpe, lakini mpe na mkono wa kumshika. Asiyefunzwa kisu nyumbani atafunzwa na rika lake mtaani, na somo la mtaani halihusu maembe.

Nawe, msomaji, huenda nyumbani kwenu yupo mzee mwenye kisu kidogo ndani ya koti la zamani au chini ya sanduku. Kabla hakijauzwa kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, keti naye umwulize alikipata wapi na alikifanyia kazi gani. Babu yangu alifariki kabla sijamwuliza mengi. Nilichobaki nacho ni chuma chenye alama ya mshale, na makali aliyoyanoa kwa mikono yake.